Kiganja cha Kutu Juu ya Tangi

Asifiwe Mungu aliyenifikisha umri huu nikiwa na macho yanayoona na mikono isiyotetemeka. Kwa jina lake nasimulia, na sitaongeza hata neno moja. Haya yalinipata saa nane mchana, jua likiwaka hapa Igoma. Sikuwa nimelala wala sikuwa na homa.

Tangu nistaafu, kazi yangu ni kusafisha vyuma vya pikipiki chakavu. Watu huniletea rimu na eksozi zilizoliwa na kutu. Huziloweka kwenye dizeli siku mbili, nikapiga brashi ya waya, kisha msasa. Ni kazi inayotaka subira, na namshukuru Mungu kwa kunijalia.

Safari hii pikipiki ilikuwa ya nyumbani. Binti yangu Leokadia ni mkunga katika zahanati moja nje ya mji, na alikuwa akitembea kwa miguu kuwafuata akina mama walioshikwa na uchungu. Siku moja alichelewa. Alipofika, mtoto alikuwa ameshafariki. Nikamwahidi kwamba nitamtafutia pikipiki, asiwafuate tena kwa miguu.

Mama Anastela, muumini mwenzangu anayeishi mtaa wa Pasiansi, aliposikia akaniambia nichukue pikipiki ya marehemu kaka yake iliyokaa stoo miaka mingi. Kwao hakuna aliyeigusa. Sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo nilipokosea. Kwetu mtu akifa, vitu vyake hugawiwa mbele ya ukoo siku ya kuanua matanga. Nilipaswa kuuliza kama hiyo iligawiwa. Sikuuliza. Furaha ilinizidi.

Basi Jumamosi hiyo nilikuwa nimefikia tangi la mafuta. Nje nilishalisugua hadi likang'aa. Ndani nilitia kipande cha mnyororo na dizeli, nikawa nalitikisa ili kutu ing'oke. Nilipoliweka chini nikanyoosha mgongo, nikaona kijana amesimama mlangoni pa banda. Geti nilikuwa nimelifunga kwa komeo, kwa ndani. Alipitia wapi? Hakuzidi miaka ishirini na mitano. Shati lilikuwa limelowa, limemganda mwilini, na mvua haikuwa imenyesha wiki nzima.

Nikasubiri aniamkie. Naye akanitazama kama vile yeye ndiye anayesubiri kuamkiwa. Nikamwambia kwa ukali kidogo kwamba mvi zangu zinatosha kusalimiwa na watoto wa watu. Akacheka.

"Mdogo wangu, nilipokuwa naendesha hiyo, wewe ulikuwa unachunga ndama wa baba yako kule Magu, kamasi zinakutiririka."

Ni kweli nilichunga Magu. Hapa Igoma nani anajua?

Akaniambia niiache kutu yake. Alisema ndugu zake walimzika upesi upesi, vitu vyake hawakuvigawa, jina lake hawakulitaja tena. Kilichobaki kuonyesha kwamba aliwahi kuishi ni chuma kile, kikiwa vile vile kilivyotoka naye ziwani. Nikikisafisha, naye amekwisha.

Nilimhurumia, sikatai. Lakini nilimkumbuka yule mtoto ambaye Leokadia hakumwahi. Nikapiga ishara ya msalaba, nikaamua kumpa haki yake, na haki yangu nisiiache.

"Shikamoo, kaka," nikamwambia. "Jina lako nitalipeleka kanisani liombewe. Kutu naitoa."

"Ukiitoa, nitairudisha."

"Irudishe. Nami nitaitoa tena."

Akainama, akaweka kiganja juu ya tangi, pale nilipokuwa nimepang'arisha. Chini ya vidole vyake chuma kikageuka rangi ya udongo mwekundu. Mwingine angekimbia. Mimi nilichukua brashi ya waya nikaanza kusugua kandokando ya mkono wake, kisha katikati ya vidole, huku nikisali Baba Yetu kwa sauti. Baridi ilinipanda hadi kiwikoni. Sikuacha. Nilipofika kwenye Amina, mbele yangu palikuwa na tangi tu. Sakafuni palikuwa na nyayo za maji kutoka mlangoni hadi miguuni pangu. Za kurudi hazikuwepo.

Kesho yake nikaenda Pasiansi. Mama Anastela akanionyesha picha ya kaka yake, na shati lilikuwa lile lile. Akalia, akanieleza kwamba alizama akivusha pikipiki kwa mtumbwi, na wavuvi wakamwopoa siku ile ile pamoja na pikipiki yake; kwa uchungu hawakugawa chochote. Tukakusanya ukoo. Vitu vikagawiwa, jina likasomwa kwenye misa, na pikipiki akapewa Leokadia mbele ya wote. Walikuwepo walionishauri niite mganga. Wengine walitaka irudishwe majini. Nikawaambia miguu ya mwanangu siwezi kuitupa ziwani.

Nilidhani yameisha. Leo Leokadia anaiendesha, na wajawazito wengi amewawahi. Lakini kila Jumamosi kiganja kinajitokeza juu ya tangi, vidole vyote vitano, hata baada ya kupakwa rangi mara tatu. Na kila Jumamosi naketi nakisugua. Mkono wangu wa kulia haujapata joto tangu siku ile, hata nikiuweka karibu na moto. Yeye hajachoka. Mimi pia sijachoka.

Wewe unayesoma, kabla hujapokea kitu cha marehemu, uliza kama kiligawiwa. Na ukishaanza kazi njema, anayekuja kukuzuia mpe heshima yake, usimpe kazi yako. Mungu akulinde uendako, awabariki wa nyumbani mwako, na akutie nguvu mikononi kila unapoamka.