Filimbi Iliyoogeshwa kwenye Karai

Juzi nilikuwa Gikomba nikitafuta koti la baridi, nikaona kichwa cha filimbi kimelala katikati ya vijiko vilivyopinda na kufuli zisizo na funguo. Kichwa tu, bila mwili. "Hiyo ni ya bafu, dadangu," muuzaji akaniambia kwa uhakika wa mtu asiyejua. "Maji yanatokea hapo kwa hicho kitundu." Sikubishana naye, jambo ambalo si kawaida yangu. Nilikipangusa kwa kitambaa, nikakiweka mdomoni, nikapuliza. Watu wa meza tatu wakageuka, na bei ya kifaa cha bafu ikapanda palepale. Nilikirudisha nikaenda zangu bila filimbi na bila koti, lakini nikitabasamu peke yangu njia nzima.

Kama ulikulia Eastlands miaka ya tisini, sina haja ya kukueleza maisha ya ploti. Yetu ilikuwa Dandora: vyumba vinane vikizunguka uwanja mmoja wa saruji, mfereji mmoja, kamba za nguo zikipishana juu ya vichwa. Jirani akikaanga kitunguu, nyote mnameza mate. Niliishi na nyanya yangu, aliyekuja mjini kutoka Ukambani na kuja na uteo wake. Nilimwita Susu, kama wanavyoitwa nyanya wa kwao. Jumamosi asubuhi alikaa mlangoni akipeta muthokoi, yale mahindi yaliyotwangwa kuondolewa maganda, na makapi yakaruka hadi kwenye nguo za watu. Hakuna aliyemgombeza. Jioni wote walijua watapata bakuli.

Kanisa letu lilikuwa na bendi: tarumbeta tatu, ngoma mbili, na filimbi moja ya chuma iliyong'aa kama kijiko cha wageni. Mwalimu wa bendi alikuwa karani wa reli, mtu wa magharibi mwa Kenya, mpole, mwenye mashati yaliyopigwa pasi hadi kwenye kola. Nilipokuwa na miaka kumi na mmoja alinikabidhi filimbi ile kwa sababu, alisema, mimi peke yangu ndiye niliyeuliza inafanyaje kazi. Nadhani alikuja kuijutia sababu hiyo.

Noti nilizijua upesi. Shida ilikuwa sauti yenyewe. Ilitoka imejaa upepo, ikizomea kama birika lililosahauliwa jikoni. Watoto wa ploti hawakukawia kuniita jina. "Niaje, Birika! Chai imeiva?" walipiga kelele kila nilipofungua kasha. Mwalimu naye alikuwa na namna yake. "Wewe nakusikia ukipumua," aliniambia. "Filimbi bado sijaisikia."

Tulikuwa tumebakiwa na majuma manne kufika Jumapili ya Mavuno. Siku hiyo ubeti wa kwanza wa wimbo wa shukrani ulipigwa na filimbi peke yake, kanisa zima limenyamaza, kisha ndipo kwaya iingie. Mwalimu aliniita kando akanipa hukumu. Nikifika Mavuno bado natoa mvuke, filimbi inaenda kwa binti wa shemasi. Si ule ubeti tu. Filimbi yenyewe. Binti wa shemasi alikuwa na meno yaliyopangika vizuri, na hakuwahi kuuliza swali maishani mwake.

Dawa, kwa mujibu wa mwalimu, ilikuwa kupuliza noti moja, ndefu kadiri pumzi inavyoweza, nusu saa kila siku.

"Kwa nini noti moja?" nikauliza.

"Kwa sababu hiyo moja bado huna."

"Na wewe nani alikwambia itasaidia?"

Alivua miwani, akaipangusa kwa tai. "Msichana, wewe utakuwa wakili, ama utafukuzwa kila mahali." Mpaka sasa nimefukuzwa mahali pawili tu.

Sikumwamini. Nilipuliza noti moja siku tatu, sikuona tofauti, nikaamua kwamba kosa si la midomo yangu. Filimbi ilikuwa inavuja. Ilikuwa kongwe, na chini ya kila kifuniko chake kulikuwa na pedi ndogo ya mviringo ya kuziba tundu, zote zimekuwa za manjano kama meno ya mvutaji. Hewa ilipita hapo, basi, na mimi nalaumiwa bure. Nilichohitaji ni ushahidi.

Ushahidi niliupata nje ya lango letu, alipofanyia kazi jirani yetu, fundi wa baiskeli. Umewahi kumwona fundi akitafuta pancha. Anajaza mpira upepo, anauzamisha kwenye karai la maji, anauzungusha polepole, na mahali penye tundu panajitangaza penyewe kwa mapovu. Hakuna kubishana na mapovu. Jumamosi hiyo nilimtazama kwa dakika chache, nikarudi ndani mbio.

Susu alikuwa sokoni. Nilijaza karai, nikafunga vifuniko vyote kwa vidole, nikaziba upande wa chini kwa goti, nikaizamisha filimbi nzima isipokuwa mdomo wake, na kupuliza. Mapovu! Yalitoka hapa, yakatoka pale, karai lote likachemka. Sijawahi kufurahia kuwa sahihi kama siku ile. Nilipiga kelele peke yangu, nikaikung'uta filimbi, kisha nikaianika juani kwenye kamba, katikati ya shuka na soksi, nimeibana kwa vibanio vinne.

Jioni pedi zilikuwa zimevimba kama mandazi. Hakuna kifuniko kilichofunga. Nilipopuliza, hata ule mvuke haukutoka.

Susu aliitazama filimbi, akatazama karai. "Umeiogesha?"

"Nilikuwa naipima, Susu."

"Na sabuni ulitia?"

"Hapana."

"Basi Mungu yupo," akasema, akachukua leso yake. Tulikwenda nyumbani kwa mwalimu jioni ile ile, yeye mbele, mimi nyuma na kasha mikononi kama nimebeba mzoga wa paka.

Mwalimu alinisikiliza hadi mwisho. Nilimweleza kuhusu mapovu kwa kirefu, nikidhani ushahidi utaniokoa. Hakugomba. Alichomoa kichwa cha filimbi kutoka mwilini, akanipa kichwa, mwili akabaki nao.

"Mwili umeuua," alisema. "Kichwa hakina pedi, hakiwezi kuvuja. Kapulize hicho. Tutajua ni nani mwenye makosa."

Sasa fikiria mtu asiyependa kushindwa amepewa jaribio la haki kama hilo. Kichwa kitupu kina noti moja ya kweli, na noti hiyo ilipotoka, ilitoka na upepo ule ule. Hapakuwa na wa kumsingizia. Nililia kidogo nyuma ya bafu la ploti, kisha nikaomba kioo cha Susu, nikaanza.

Kwa wiki mbili nilikuwa na kioo, kichwa cha filimbi na noti moja. Niligundua kwamba ukipuliza, ukungu hubaki kwenye chuma mbele ya midomo. Wangu ulikuwa mpana kama kiganja. Nilipokaza pembe za mdomo na kuacha upenyo mdogo katikati, kama mtu anayetema ganda la karanga lililobaki kwenye ncha ya ulimi, ukungu ulipungua, na sauti ikakusanyika. Nilipoinamisha kichwa changu kidogo tu, ikawa nene. Nilipokaza kupita kiasi, ikalia kama panya. Susu alipeta na kusikiliza, na bila kugeuka alitoa hukumu: "Bado makapi." Siku nyingine: "Leo afadhali, lakini makapi." Majirani nao wakajifanya waamuzi. "Hiyo ya sasa!" mama wa chumba cha sita alipaza sauti akisonga ugali. "Rudisha hiyo ya sasa!" Birika likasahaulika polepole, nafikiri kwa sababu halikuwa na mvuke wa kuchekwa.

Wakati huohuo mwili wa filimbi ulikuwa mezani kwa fundi wa baiskeli. Mwalimu alipita hapo kila jioni akitoka kazini, na hao wawili wakainama juu yake, karani wa reli na fundi mwenye grisi hadi kwenye viwiko, wakizozana kwa furaha. Pedi mpya zilihitaji kitambaa kinene cha sufu, laini, kisichosinyaa. Ploti nzima haikuwa nacho, ila mahali pamoja: kofia ya kahawia ya Susu, ya kanisani, aliyoitunza kwenye karatasi ya nailoni. Aliitoa mwenyewe. Sikumwomba, na nilipofungua mdomo kusema kitu aliniambia nikanywe chai. Fundi alikata viduara kwa wembe, akavifunika kwa ngozi nyembamba ya maputo yaliyobaki kwenye harusi moja, akavibandika kwa gundi ya pancha.

Jumapili ya Mavuno madhabahu ilijaa ndizi, maboga, na kuku waliofungwa miguu. Susu alikaa safu ya tatu, amejifunga kitambaa cha kichwa. Binti wa shemasi alikaa mbele kabisa, na naapa alikuwa akilamba midomo. Nilivuta pumzi, nikapuliza. Sauti ilitoka kamili, ya duara, haina upepo, nami nikashtuka kiasi cha kutaka kuacha kupuliza niisikilize. Katika mstari wa tatu jogoo mmoja akawika chini ya meza. Watu wakaangua kicheko. Nilikuwa kwenye noti ndefu, na kicheko kilikuwa kimenifika kooni, lakini midomo ilikaa pale nilipoifundisha kukaa. Noti haikutikisika. Kwaya ikaingia.

Filimbi ilibaki kwangu. Nje, Susu alinishika bega. "Leo nimeisikia kofia yangu," alisema. Nilimkimbilia mwalimu kumwuliza lile lililoniwasha: kwa hiyo lilikuwa kosa la nani, midomo au pedi? Alicheka hadi akavua miwani. "Vyote viwili," alisema. "Ila pedi zilingoja kofia. Midomo ilikuwa ikikungoja wewe."

Susu hayupo tena. Mwalimu alistaafu akarudi kwao. Pale nje ya lango pana duka la simu, na ploti yetu imepandishwa ghorofa nne zenye kuta nene, hakuna anayemsikia mwenzake. Filimbi niliirudisha kanisani nilipokwenda chuo kikuu, na sijui iliishia mikononi mwa nani.

Hakuna aliyeirekodi sauti ile. Huko chuoni nilijifunza kutoamini kitu kisichoweza kupimwa, na ubeti ule wa Mavuno hauwezi kupimwa na yeyote. Pengine ulikuwa wa kawaida tu, wa mtoto wa miaka kumi na mmoja. Nimeuhoji mara nyingi kama ninavyohoji kila kitu, na kila mara nafika kwenye ile noti ndefu, jogoo akiwika na watu wakicheka, nami naacha kuhoji.