Mafuta ya Kogo na Mkono wa Mama

Mwezi uliopita nilirudi nyumbani, kule juu upande wa Mogogosiek, vidole vitatu vya mkono wa kulia vimekufa ganzi. Kazi yangu ni ya cherehani, na cherehani haina huruma. Mama aliniona nikishika kikombe cha chai kwa mikono miwili kama kasisi, akasema, "Lete hapa." Akamimina mafuta kiganjani, akaanza kunisugua. Harufu ya blugamu, ule mkaratusi wetu, ilipopanda puani, rafiki yangu, nilirudi darasa la sita mbio, hata viatu sikuvaa.

Mwaka ule mgonjwa alikuwa yeye. Mama alikuwa mchunaji chai wa ajabu. Mimi husema bila aibu kwamba kikapu chake kilijaa kabla hajakivaa. Kisha mkono ukaanza kuwaka moto kutoka kiwiko hadi ncha za vidole, na asubuhi haukusikia hata kijiko. Muuguzi wa zahanati alisema ni mishipa ya fahamu, akampa vidonge, akamwambia apumzike. Apumzike vipi? Chai haingoji mtu. Usipoichuna kwa wakati, jani linakomaa na karani wa kupima majani halipokei. Baba alijaribu, lakini alichuna kama mtu anayenyonyoa kuku. Siku moja tukila ugali akanitazama, akasema, "Huyu aache shule kidogo amsaidie mamake."

Hiyo "kidogo" niliijua. Msichana wa boma la chini aliacha shule kidogo, na hakurudi tena.

Kogo, ndivyo tulivyomwita nyanya, kesho yake alivuna mbegu za mbarika nyuma ya zizi, akazikaanga, akazitwanga, akazichemsha hadi mafuta yakaelea, akayaengua kwa kijiko na kuyapasha tena na majani ya blugamu. Hapo mama jirani, mwenye kioski, aliyehamia kwetu kutoka upande wa Nyeri, akachungulia jikoni.

"Kogo, bila kitunguu saumu hayo ni mafuta ya nywele tu!"

"Leta basi, wewe unayejua."

Alileta saumu ya kutosha harusi mbili. Harufu ilishuka hadi Fort Ternan, ikapumzika, ikarudi.

Kogo alimkanda mama asubuhi mapema, kabla ya kwenda shambani, ili mkono upate nguvu ya kuchuna. Na kweli, siku ya tatu mama alijikaza akajaza kikapu. Nilimsindikiza hadi kwenye banda la kupimia majani, tukitembea kama washindi. Karani akazamisha mkono kikapuni, akanusa, akanusa tena.

"Mama, hii ni majani chai ama pilau?"

Banda zima lilicheka. Mama hakucheka. Jani la chai hushika harufu ya chochote kilichogusa mkono, na sisi, watu tuliozaliwa katikati ya chai, tulisahau! Kikapu kikarudishwa chote. Tulimwagia ng'ombe, naye akageuza kichwa.

"Basi Jumatatu asiende shule," baba akasema.

"Kosa ni la mafuta, si la mtoto," Kogo akamjibu. "Nipe mwezi mmoja."

Saumu ikapigwa marufuku. Mkono ukawa unakandwa baada ya majani kupelekwa, na asubuhi unaoshwa kwa sabuni ya kipande mpaka ung'ae. Mama akachuna nusu siku tu, baba akamalizia kwa mtindo wake wa kuku. Na kwa kuwa vidole vya Kogo mwenyewe vilikuwa vimechoka, mkandaji nikawa mimi, kila nikitoka shule. Nilisugua kwa fujo.

"Unafukuza ng'ombe?" Kogo aliniuliza. "Anza kwa kiwiko, shuka polepole. Ngoja mkono wenyewe ukuachie."

Wiki zikapita, mwezi ukakaribia kwisha, nami nikahesabu siku kama mfungwa. Alasiri moja nikiwa kwenye kidole cha mwisho, mama akaruka. "Kucha zako!"

Nilikuwa nimemkwaruza. Na alikuwa amesikia! Tukatazamana. Baba alikuwa amesimama mlangoni. Alikohoa, akasema, "Wewe, enda usome."

Daktari atasema ni vidonge na ile nusu siku ya kupumzika. Sibishani naye. Kidato cha nne nilikuja kukimaliza ukubwani, kwa masomo ya jioni, lakini cheti cha darasa la nane nina deni lake kwa mafuta yale. Ukikinusa vizuri, naapa, utapata saumu.

Kogo hayupo sasa. Mibarika iling'olewa zizi lilipohamishwa, mashine zinakata chai huku zikinguruma, na chupa ya mama ni ya dukani. Siku ile ya mwezi uliopita mama alinisugua haraka haraka, akinipa habari za kanisa lote.

"Mama," nikamwambia, "unafukuza ng'ombe?"

Mkono wake ukasimama. Akacheka mpaka akapangusa macho kwa bega. Kisha akaurudisha kwenye kiwiko changu, akaanza upya, polepole.