Karatasi Tatu za Mzee Anaeli

Nikipita kwenye vibanda vya chipsi pale Sakina, muuzaji akamimina siki kwenye kachumbari, mwenzenu sikumbuki chakula. Nakumbuka stoo finyu nyuma ya studio ya baba, dirisha lake limezibwa kwa blanketi jeusi, taa nyekundu ukutani na mabeseni matatu mezani. Beseni la kwanza lilikuwa na dawa ya kuitoa picha, la pili maji yenye siki ya kuizuia isizidi kukolea, la tatu dawa ya kuidumisha, ambayo mafundi waliiita "haipo". Watu wengine utoto wao unanukia maandazi. Wangu unanukia siki, na sijui nimlaumu nani.

Katikati ya meza ilisimama enlaja, mashine ya kukuzia picha. Ilikuwa na kichwa kizito chenye balbu ndani, kinapanda na kushuka kwenye mhimili wa chuma. Baba aliingiza negativu ndogo kama stempu, akawasha taa, na mtu akatua juu ya ubao chini yake. Kadiri alivyokipandisha kile kichwa ndivyo mtu alivyokua. Hapo bado alikuwa kinyume, nywele nyeupe na meno meusi, na mimi nilicheka kila mara kana kwamba sijawahi kuona. Kisha baba alizima, akaweka karatasi, akawasha tena, na hapo ilianza kazi yangu. Nilikuwa na miaka minane na nilikuwa saa ya studio. Nilihesabu sekunde kwa sauti, na nikifika namba aliyoitaja, baba alizima. Siku nikiwa nimenuna nilihesabu haraka haraka, na bibi harusi wa watu akatoka amepauka kama anaumwa. Baba hakunigombeza. Alisema tu, "Zaina, leo saa yangu inakimbia," halafu akaanza upya.

Kuna neno jingine alilokuwa akilisema, na hilo ndilo lililoniponza. Akiitia karatasi kwenye dawa, ikiwa nyeupe kabisa, aliniambia: "Picha imeshalala humo ndani. Dawa inaiamsha tu." Mimi nilimwelewa neno kwa neno. Kichwani mwangu kila karatasi ilikuwa na mtu wake tangu dukani, amelala, anangoja kuamshwa.

Hiyo ilikuwa miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa. Maduka ya Arusha ambayo zamani yalikuwa na sabuni ya mgao na rafu tupu, sasa yalikuwa na soda za kopo, redio za kila aina na mitumba ya kuchagua mpaka uchoke. Mjini ikaja mashine ya picha za rangi, unaacha filamu asubuhi, mchana unachukua picha. Wateja wakahamia huko. Lakini karatasi kubwa za picha nyeusi na nyeupe ndizo zilizopotea, kwani nani angeleta kitu ambacho watu wamekiacha? Baba alibakiwa na karatasi ndogo maboksi mawili, na kubwa tatu tu alizozipata kwa mtu wa Nairobi. Hizo kubwa alizifungia kabatini chumbani kwao, ndani ya bahasha nyeusi, na akasema zitatoka kwa sababu maalumu.

Sababu ikaja na Mama Elirehema. Alikuwa mama mtu mzima kutoka Poli, huko juu kwenye mlima, amejifunga kitenge kichwani. Mumewe, Mzee Anaeli, alifariki juzi yake. Baba alimpigia mzee yule picha miaka ya nyuma, siku ya kipaimara cha mjukuu, na negativu yake ilikuwepo kwenye kopo la biskuti. Wenzetu wa Kilutheri huko mlimani, mtu wao anapozikwa, mjukuu hutangulia mbele ya jeneza amebeba picha kubwa ya marehemu. Kwetu, watu wa Kondoa na Waislamu, maiti huzikwa siku hiyo hiyo bila picha, kwa hiyo nilijibana mlangoni nisikie vizuri.

Mama Elirehema alisema ugonjwa ulimmaliza mzee akabaki mifupa, na wameamua jeneza lisifunguliwe. Watoto wanatoka Mwanza na Dar, hawajamwona miaka mingi. Akamwambia baba, "Mwanangu, hiyo picha ndiyo watakayomuagia. Nataka wamwone mwenyewe, si kile kilichobaki."

Baba akamwambia asiwe na wasiwasi, aje jioni. Akachukua baiskeli kwenda mjini kutafuta hadibodi ya kubandikia picha na kioo cha fremu. Mama alikuwa sokoni Kwa Mrombo. Ufunguo wa kabati ulikuwa unaning'inia palepale kwenye tundu lake. Ndugu zangu, mimi nilitaka tu kumwona huyo mzee kabla hajaamshwa.

Nikaitoa bahasha, nikaingiza mkono wa kulia, kiganja kikalala katikati ya karatasi ya juu nikaivuta nacho, nikazitandaza zote tatu kitandani kwa baba na mama, chini ya dirisha, jua la saa nne likiingia lote. Zilikuwa nyeupe, baridi, laini mno. Nikaitazama ya katikati kwa karibu, nikaikagua kona kwa kona. Hamna mtu. Kiganja changu kilikuwa bado juu yake, sikukiinua; nikabonyeza kidogo kama unavyomwamsha mtu mzima kwa adabu, nikamsalimia: shikamoo, babu. Hakuitika. Nikazirudisha moja moja ndani ya bahasha, ya katikati nikiisukuma kwa kiganja hicho hicho, nikazipanga kingo sawasawa, nikafunga kabati. Nilijiona mtoto msafi sana.

Mchana baba alijifungia stoo. Aliniagiza nikachote maji bombani kwa jirani, akasema karatasi ya kwanza atahesabu mwenyewe. Niliporudi na ndoo alikuwa amesimama mlangoni. Aliupokea ule mzigo, akauweka chini, kisha akanishika mkono wa kulia, akakikunjua kiganja changu na kukitazama. Akakigusa kidole changu kidogo, kile kilichopinda tangu nilipobanwa na mlango wa choo. Nilidhani anakagua uchafu.

"Kanawe," akasema. "Karatasi kubwa zimeharibika, zimeingia mwanga. Tutaanza upya na ndogo."

Hakuuliza nani kafungua kabati. Hata mama aliporudi hakumuuliza. Aliingia tena stoo na ile ndoo, akafunga mlango, nikasikia maji yakimwagwa na kutikiswa kwa muda mrefu, karibu nusu saa. Mimi nimekaa kwenye kizingiti. Neno "mwanga" lilikuwa limeniingia. Nililijua jua lile la kitandani. Mama alikuwa na methali yake, mficha maradhi kifo humuumbua, na siku ile nilisadiki kabisa kwamba nitakufa kabla ya magharibi.

Kisha baba akaniita ndani, na tukafanya jambo ambalo sijawahi kumwona fundi mwingine akilifanya. Alikipandisha kichwa cha enlaja mpaka mwisho wa mhimili, Mzee Anaeli akawa mkubwa wa kujaa meza nzima, kisha akampiga vipandevipande kwenye karatasi ndogo. Ya kwanza uso wote, kuanzia kofia yake ya pama hadi kidevu. Halafu bega la kulia, bega la kushoto, kifua, na mandhari ya migomba pande mbili. Karatasi sita, na zote lazima ziwe na weusi wa aina moja, la sivyo mzee angekuwa na mabega ya watu wawili. Yaani kila kitu kilisimama juu ya hesabu yangu. Sijawahi kuhesabu vizuri vile maishani. Nilihesabu kama mtu anayeomba msamaha, na baba hakusema saa inakimbia hata mara moja.

Alizikata kingo kwa wembe, akaziunganisha kwa gundi juu ya hadibodi. Ukisimama mbali hujui kama ameungwa. Ukisogea, unaona mistari myembamba shingoni na pembeni mwa kofia.

Mama Elirehema alipofika jioni, baba alimpa shikamoo na kumwonyesha ile picha kabla hajaiweka kwenye fremu. Mama yule alipitisha kidole kwenye mstari.

"Imeungwa, mama," baba akasema. "Karatasi kubwa niliziharibu mwenyewe. Kosa ni langu."

Mimi nilikuwa nyuma yake, nimeshika shati lake. Hapo ndipo ningesema. Sikusema.

Mama Elirehema akakihamishia kidole kwenye shavu la mzee, akasema, "Uso umeuacha mzima. Inatosha."

Kesho yake tuliipeleka Poli kwa pikapu ya ukoo wao, baba kaishika magotini. Nilisikia kijana mmoja wa mjini akinong'ona kwamba huyu mpigapicha wa Sakina siku hizi anashona viraka, si bora wangekwenda kwenye picha za rangi. Baba alisikia pia. Akatazama migomba. Baadaye akafika binti wa marehemu kutoka Mwanza, bado na mkoba begani. Aliiona ile fremu mikononi mwa mjukuu, akaenda moja kwa moja, akaweka paji la uso kwenye kioo, akasema, "Baba."

Nilijua siku moja ningemwambia baba. Nikikua, nikimaliza shule, nikiolewa, nikirudi Idi. Kila safari niliyapanga maneno na kila safari niliona amesahau, nikajiambia ya nini kufukua. Studio ikafungwa, enlaja ikafunikwa kanga kuukuu, na baba akatangulia mbele ya haki bila kusikia neno langu. Nilimwona mwerevu, lakini kwa hilo niliamini nilimzidi akili.

Mwaka jana nikiwa nasafisha stoo niliikuta ile bahasha nyeusi ya karatasi kubwa, nikaifungua. Ndani, katikati ya kadibodi mbili, kulikuwa na karatasi moja nyeusi tii kama chungu. Nyeusi yote, isipokuwa katikati, pale mwanga wa dirisha haukufika, palibaki alama ya kiganja cha mtoto, kidole kidogo kimepinda. Na ndani ya kiganja, pale tu, enlaja ilikuwa imefanya kazi yake: jicho la Mzee Anaeli, nusu ya pua, na ukingo wa kofia unaishia kwenye vidole. Nilikaa sakafuni nikalia kama mtoto. Kumbe alikuwemo. Na baba alijua tangu sekunde ile mkono wangu ulipoibuka kwenye dawa, mbele ya macho yake, chini ya taa nyekundu.

Niliigeuza nikidhani ameandika neno. Hakuna. Nikairudia kuitazama, na ndipo nilipoona jambo ambalo binti wa mpigapicha alipaswa kuliona kwanza. Karatasi iliyoharibika hukunjwa ikatupwa. Picha isiyooshwa vya kutosha huwa njano, na kuosha vizuri ni nusu saa kwenye maji safi. Hii, miaka zaidi ya thelathini baadaye, weupe wake ulikuwa bado weupe. Siku ile mjane anatarajiwa jioni, kazi imeharibika, karatasi hakuna, na maji ni ndoo moja niliyoibeba mimi, baba alisimama kwanza akauosha mkono wangu.