Mstari mwekundu ulipohama kwangu

Leo nusura ninyang'anywe kazi na kompyuta.

Tuko mkutanoni Pajulu, tunapojenga kliniki. Injinia anatuonyesha ratiba ya kompyuta ukutani. Mstari mwekundu ni kazi ambazo zikichelewa, jengo lote linachelewa. Umepita kwenye madirisha, na fundi wake ni mimi!

"Mama Zaituni, wewe iko nachelewesha sisi. Kazi nitapatia mwingine."

Nikaisoma ratiba. Eti sakafu isimwagwe mpaka madirisha yaishe.

"Injinia, tangu lini zege inangoja dirisha?"

Akakifuta kwenye kompyuta kile kiungo cha sakafu na madirisha. Mstari ukaniachia, ukarukia paa.

Fundi wa paa ni nani? Mume wangu.

Kazi ninayo bado. Ila bwana ameshawasha pikipiki, karudi nyumbani Ediofe peke yake.

Nani anapita Pajulu? Niko barabarani.