Shahidi Alikuwa Baba Mkwe

Mhariri, jina langu lifiche, na kijiji changu pia, maana huku Rungwe tunajuana mpaka rangi za khanga. Mimi ni mjane wa miaka thelathini na sita, mama wa watoto watatu. Nimeshindwa kesi niliyokuwa naishinda, na nimeshindwa kwa mdomo wangu mwenyewe.

Mume wangu alikuwa anafanya kazi mgodini mpaka walipopunguza wafanyakazi. Tukarudi kijijini, baba yake akatukatia shamba na kupanda migomba ya kwanza kwa mikono yake. Hapo tulijenga, na hapo mume wangu amezikwa. Alipokufa hakuna aliyenisumbua. Ila tangu biashara iwe huria, malori ya watu wa Dar yanakuja kupakia ndizi mpaka barabarani kwetu, na shemeji yangu, ambaye hata matanga hakumaliza, ndipo alipokumbuka kwamba lile ni shamba la ukoo. Akanishtaki Mahakama ya Mwanzo ili nihame.

Kule mawakili hawaingii, kila mtu anajisemea. Mimi ni wa darasa la saba, lakini nikasema siendi kichwa kichwa. Siku za kesi za wengine nilikwenda kukaa benchi la nyuma, nasikiliza. Nikajifunza kwamba shahidi wa mwenzako akimaliza kusema, hakimu anakupa nafasi ya kumhoji, na usipomhoji ni kama umekubali. Jirani yangu, mwalimu mwenyeji wa Bukoba, alinifanyisha mazoezi jikoni kwangu. Yeye anakuwa shahidi, mimi namhoji huku tunamenya ndizi. Nikianza kufoka ananikatiza, "Mama, usimhutubie. Muulize!" Tulicheka sana. Sikujua kwamba kicheko kile kingenitokea puani.

Siku ya kesi shemeji alitoa maelezo yake, nikasimama. "Shemeji, mpaka wa juu wa shamba ni mti gani?" Hajui. "Mara ya mwisho ulipalilia lini?" Akaanza kujifuta jasho. Watu wakanong'ona, nami nikajiona wakili wa Mbeya mjini. Ndipo akasema anaye shahidi mmoja tu. Nikasikia kikohozi mlangoni.

Wasomaji msio Wanyakyusa, nieleze kidogo. Kwetu mwanamke hamtazami baba mkwe usoni, hasemi naye, jina lake halitamki. Vijana wa mjini wameanza kuyaacha hayo, lakini mimi nimelelewa hivyo. Miaka yote baba mkwe akipita njia ya kwangu hukohoa, nami naingia migombani mpaka apite. Na mtu asidhani ni chuki. Mume wangu alipofariki, kila asubuhi nilikuta maziwa kibarazani, na sikuwahi kumwona aliyeyaweka.

Basi niliposikia kikohozi kile, miguu iliitangulia akili. Nikachuchumaa nyuma ya benchi, khanga kichwani. Watu wakaangua kicheko. Hakimu, ambaye kwao ni mbali, akasema, "Mama, hapa hatuchezi kombolela. Simama." Nikasimama nikitazama ukuta.

Baba mkwe akaapa. Shemeji akamuuliza shamba ni la nani.

"Ni langu."

"Umewahi kuliuza?"

"Hapana."

Ikawa basi. Hakimu akanigeukia, "Mdaiwa, una swali kwa shahidi?"

Swali nilikuwa nalo. Wazee wa baraza wanaokaa na hakimu ni wenyeji, walijua kilichonikaba. Mmoja aliinamisha kichwa. Hakimu akarudia kwa ukali. Nikasema, "Sina."

Hukumu ikasomwa kwamba sikuupinga ushahidi wa mzee, kwa hiyo shamba lirudi kwa ukoo, mimi nihame. Nilitembea mpaka nyumbani sioni njia. Mwalimu aliponiuliza kwa nini nilinyamaza nilimfokea, kisha nikamlilia mapajani.

Juzi mama mkwe kaja. Alikaa, chai hakuigusa. Akasema, "Mwanangu, mzee halali. Anasema alikuwa anakungoja. Ungemuuliza shamba alimpa nani, angesema, maana ameapa kwa Biblia. Kujisemea mwenyewe alishindwa, yule shemeji yako ndiye anayetulisha." Nilihisi kufa. Kumbe mle ndani tulikuwa tunangojana.

Nimekwenda Tukuyu, mahakama ya wilaya. Karani ameniambia nikikata rufaa naweza kuomba shahidi aitwe tena, hakimu akiridhia. Ila wakili sina uwezo naye, kwa hiyo wa kumhoji ni mimi. Nilipomweleza mama mkwe alinishika mikono, analia. "Mzee wa kanisa yule. Watu wote wajue kwamba alimnyamazia mjane wa mwanawe? Na wewe umsemeshe mbele za watu? Aibu hiyo itamuua, mwanangu." Wa ukoo nao wanasema nikivunja mwiko huo, watakaolipa ni watoto wangu.

Mwalimu anasema mila hailishi watoto. Kwake rahisi, si baba mkwe wake. Muda wa rufaa unayoyoma, mzee anazidi kudhoofika, na akitangulia ataondoka na ukweli wake. Shemeji keshaanza kukata ndizi upande wa bondeni.

Swali lenyewe ni fupi, "Baba, shamba lile ulimpa nani?" Nalisema nikipika, nalisema njiani, na sauti inatoka vizuri kabisa mpaka nimfikirie yeye amesimama pale. Naumia kuwaondoa wanangu kwenye kaburi la baba yao. Naumia vilevile kumvunjia heshima mzee aliyenipenda bila hata kunitazama. Ninyi mlioolewa, ninyi wakwe, ninyi mnaozijua mahakama, nishaurini: nimuulize, au nifungashe mizigo na wanangu?