Nguzo za Mtarakwa

Juzi, nikipita Soy, niliona nguzo ya mtarakwa, mti mgumu usiooza upesi, ingali wima kwenye seng'enge iliyoota kutu, na harufu ya ule moshi ikanirudia.

Alasiri ile ya utoto wangu Baba alikuwa akichagua nguzo za ua wa mzungu, akizibabua ncha za chini motoni ili mchwa wasizile. Mama hakutulia. Alienda mtoni, akarudi, akaenda tena.

“Baba Chebet, weka zile laini, zioze mapema,” alimwambia.

“Kazi mbaya siijui mimi,” Baba alijibu bila kuinua macho.

Mimi nilidhani tunamzuia chui, kwa hiyo niligonga kila nguzo kwa jiwe nikamletea Baba zile ngumu, zenye mlio mkali. Jioni tulipomaliza kuzisimika na kufunga seng'enge, ng'ombe wetu walisimama nje ya ua wakilia, na mto ulikuwa ndani.