Mshipa wa Mkononi, na Mkwe Wangu Mlangoni

Mimi ni Mkaguru wa Mamboya, lakini maisha yangu yako Mikumi. Marehemu mume wangu alipopunguzwa kazi kule Kilosa, enzi za kubinafsisha mashirika, tulihamia hapa barabarani nikaanza kuwapikia madereva wa malori. Miaka yote hiyo sikuwahi kulazwa hata siku moja.

Binti yangu Rehema alikuja kujifungulia kwangu, na mumewe, Selemani, akaja kumwona mtoto. Kijana huyo nampenda sana. Lakini kwetu mama mkwe hakai na mkwe wake. Akiniamkia, naitikia marahaba nikitazama pembeni. Mengine yote yanapitia kwa Rehema.

Asubuhi hiyo nikiwa jikoni, kifua kikanibana. Nikadhani kiungulia. Maumivu yakapanda tayani, yakashuka mkono wa kushoto, jasho likalowesha khanga, nikatapika kwenye ndoo. Selemani alikuwa amekaa uani, karibu na mlango. Nikaona bora nijikaze kuliko kugaagaa mbele ya mkwe. Nilijikaza saa nzima, mwenzenu, na huo ndio ujinga wangu.

Nilipoanguka, Selemani aliingia akanibeba mgongoni. Nilimpiga ngumi anishushe. Hakunishusha mpaka hospitali.

Daktari wa pale akapima moyo kwa mashine, akasema mshipa wake mmoja umeziba. Akanitafunisha aspirini, tukapakiwa kwenye gari la wagonjwa kwenda Dar es Salaam. Rehema alikuwa na kichanga cha siku nne, kwa hiyo nilisindikizwa na Selemani peke yake.

Huko daktari bingwa, mama mmoja mpole, alinieleza kwamba watapitisha mrija mwembamba hadi kwenye moyo, wauzibue mshipa. Mrija huo huweza kuingilia pajani au kwenye kifundo cha mkono. Nikamuuliza mgonjwa aliyeingiziwa pajani hulala vipi. Akasema hulala chali saa kadhaa bila kukunja mguu, na huhitaji mtu wa kumsaidia hata haja. Mtu wangu alikuwa mkwe.

"Daktari, aliyenileta ni mkwe wangu. Kama ni paja, niache nife," nilimwambia.

Akanishika mkono wa kulia, akatafuta mapigo. "Mama, mkono nilishauchagua kwa sababu hautoi damu nyingi. Mkwe wako hata sikumfikiria."

Walinichoma ganzi, nikabaki macho. Mkono uliuma kwa ndani kama unakazwa kamba. Kisha kiputo cha kwenye ncha ya mrija kikapanua mshipa, wakaacha humo kijibomba cha waya cha kuushikilia wazi, na ule uzito kifuani ukaondoka. Nililia kwa raha.

Namshukuru Mungu na wale madaktari. Nanyi wenzangu, kifua kikibana, semeni hapohapo, hata mbele ya mkwe. Ile saa moja niliyoificha ilikula sehemu ya moyo wangu. Leo nikipanda kilima cha kwetu Mamboya napumzika mara tatu.

Jioni ya siku ile ya kuzibuliwa mshipa nilikaa kitandani. Mkono wa kulia ulikuwa na mkanda wa kubana, wa kushoto ulikuwa na dripu, na uji umeletwa. Selemani alishika kikombe akaninywesha huku ametazama ukutani kwa heshima, na uji wote ukanimwagikia kifuani.

"Selemani, mwanangu," nilimwambia, mara ya kwanza kumtaja jina, "nitazame."

Akanitazama, machozi yamemjaa, nami nikanywa uji wangu mpaka ukaisha.